Kura Kwa Pishi, Kura Kwa Gunia: Zama za Siasa Unguja na Pemba

Mchumaji wa karafuu wa Pemba, arudipo jioni kutoka mkarafuuni, halipwi kwa idadi ya mapakacha aliyoyabeba bali hulipwa kwa pishi, na mwenye shamba, hata awe bakhili wa namna gani, hawezi kumwambia kwamba pakacha lililojaa hata likafurika na pakacha lililofunikwa chini tu ni mamoja kwa kuwa yote mawili ni mapakacha. Kipimo hiki ni cha kale, na watu wa visiwa vile wamekizoea hata hapana akaaye kukifikiri. Lakini mwaka wa 1957, walipoitwa kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wa kuwasemea mbele ya Serikali, walipewa kipimo cha namna nyingine, ambacho kura hazikupimwa kwa pishi bali zilihesabiwa kwa magunia, gunia lililoshindiliwa na gunia la nusu yakawa sawa. Na katika muda wa miaka sita kipimo hicho kilitoa hesabu ambayo athari yake haijatoka katika vifua vya watu mpaka leo. Muradi wangu ni kuieleza kadhia hiyo, na hasa habari za chama kimoja kidogo kilichosimama katikati ya mizani, kwa sababu naamini kwamba lawama nyingi kilizotupiwa chama kile zilistahiki kutupiwa mizani yenyewe.

Kabla ya hapo uchaguzi haukuwako. Baraza la Kutunga Sharia liliundwa mwaka wa 1926, na wajumbe wake waliteuliwa kwa kufuata kabila: Waarabu walikuwa na viti vyao, Wahindi vyao, na Mwafrika wa kwanza hakutiwa barazani mpaka mwaka wa 1946, naye alikuwa Sheikh Ameri Tajo, ambaye jina lake tutakutana nalo tena. Mwaka wa 1956 aliletwa Walter Coutts kupeleleza na kutoa shauri juu ya njia ya uchaguzi. Huyu ndiye aliyekuwa amekwisha kushauri kwamba katika Kenya mpiga kura mmoja aweze kupewa kura zaidi ya moja, hata tatu, kwa kadiri ya elimu yake na mali yake. Na huko Tanganyika nako watu walikuwa wakielekea kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Ukilinganisha na hayo, Visiwani palifanywa insafu: daftari lilikuwa moja kwa makabila yote, na kila aliyeandikwa alikuwa na kura moja, ingawa walioruhusiwa kuandikwa walikuwa wanaume peke yao. Katika insafu hiyo palitiwa sharti moja ambalo, kwa ninavyojua, hapakuwa na aliyelitilia shaka: nchi itakatwa majimbo, kila jimbo litatoa mjumbe mmoja, na atakayepata kura nyingi kuliko wenzake, hata kwa kura moja, atachukua kiti kizima, na zilizompinga hazitahesabiwa popote.

Vyama vilikuwa viwili vikubwa. Zanzibar Nationalist Party, ambacho watu walikiita Hizbu, kilianzishwa mwaka wa 1955, na alama yake ilikuwa jogoo. Na Afro-Shirazi kilizaliwa mwezi wa Februari 1957 kwa muungano wa jumuiya ya Waafrika na jumuiya ya Washirazi. Uchaguzi ulipofanywa mwezi wa Julai, kwa viti sita tu, Hizbu hakikupata hata kimoja, na kiongozi wake mashuhuri, Sheikh Ali Muhsin Barwani, alishindwa Ng'ambo na Abeid Amani Karume. Viti viwili vya Pemba vilichukuliwa na Muhammad Shamte Hamadi na Ali Sharif Musa, watu walioingia barazani kwa kutegemea Washirazi wa Pemba kuliko kwa jina la chama chochote cha mjini, ingawa baadaye walijiunga na Afro-Shirazi.

Baada ya hapo ndipo zilipoingia zile siku ambazo wazee wa Unguja na Pemba huziita zama za siasa, kana kwamba siasa ilikuwa maradhi yaliyoshuka msimu mmoja yakaondoka. Na kweli ilishuka mpaka ndani ya nyumba. Mtu aliacha kununua mkate kwa muuza duka wa jirani kwa kuwa muuzaji ni wa chama cha pili, akaenda mbali kwa miguu kutafuta duka la chama chake. Basi lililopakia watu wa upande huu halikupandwa na watu wa upande ule. Wenye mashamba waliwaondosha katika ardhi zao wakulima waliokuwa wakilima baina ya mikarafuu kwa ruhusa ya miaka mingi. Walikuwapo ndugu walioacha kuzikana. Nayataja haya mapema ili msomaji ajue kwamba watu wale walikuwa watu wenye hisia, si wingi wa kura kwenye masanduku tu. Hesabu ya kura ilizikuta nyoyo zimekwisha kuchubuka.

Mwishoni mwa mwaka wa 1959 Afro-Shirazi ilipasuka. Ameri Tajo, Muhammad Shamte na Ali Sharif walitoka, wakaunda chama cha watu wa Unguja na Pemba, yaani Zanzibar and Pemba People's Party, kilichojulikana kwa herufi zake, ZPPP. Hiki ndicho chama kidogo ninachokisimulia. Hoja yake ilikuwa kwamba Washirazi, na hasa wa Pemba, hawakutaka kuingia chini ya Waarabu wa Hizbu wala kumezwa na viongozi wa Afro-Shirazi waliokuwa na asili ya bara. Wengi wamekihukumu chama hiki kwa wepesi, wakasema kwamba kilikuwa kibaraka tangu siku ya kuzaliwa. Mimi sioni hivyo. Raia elfu kumi na mbili, elfu kumi na tano, baadaye elfu ishirini na tano, waliokwenda kukipigia kura hawakuwa kivuli cha mtu. Walikuwa watu wenye rai yao, na mfumo wowote wa uchaguzi unaotaka kusema kweli ulikuwa na wajibu wa kuwaonyesha kwa wingi wao, bila ya kuwapunguza wala kuwazidisha.

Uchaguzi wa pili ulifanywa mwezi wa Januari 1961, na safari hii wanawake nao walipiga kura. Viti vilikuwa 22. Afro-Shirazi ilipata 10, Hizbu 9, na ZPPP vitatu. Katika vile 10 vya Afro-Shirazi kulikuwamo kiti cha Chake Chake, ambacho mshindi wake alimpita mwenziwe kwa kura moja. Napenda msomaji atulie kidogo juu ya kura hiyo moja. Maelfu ya watu wa Chake walipanga safu juani, wanaume upande wao na mabuibui upande wao, wakatia karatasi sandukuni, wakagawanyika nusu kwa nusu kama papai lililokatwa kwa kisu kikali. Na hukumu iliyotoka ni kwamba nusu moja imepata kila kitu, na nusu ya pili imepata sawa na mtu aliyelala nyumbani. Lau mtu mmoja angaliamka na homa asubuhi ile, na mwingine wa upande wa pili angaliwahi kufika, kiti kingaligeuka, na pamoja nacho, kama tutakavyoona, ingaligeuka serikali ya nchi nzima.

Kwani wajumbe watatu wa chama kidogo walipokaa kushauriana wakubaliane na nani, walishindwa kuafikiana. Wawili, akiwamo Muhammad Shamte, walikwenda upande wa Hizbu. Wa tatu, Ali Sharif, akarudi kwa Afro-Shirazi. Kumi na mmoja wakawa kumi na mmoja. Lau kura ile ya Chake ingaliangukia upande wa pili, ingalikuwa 12 kwa 10, na serikali ingaliundwa. Lakini kwa ilivyokuwa hapana aliyeweza kuunda serikali, na ikaamriwa kwamba uchaguzi urudiwe baada ya miezi isiyotimia mitano, na jimbo moja liongezwe, viti viwe 23, ili yasitokee tena mambo ya kugawana sawa. Tazama dawa iliyotolewa: watu wamegawanyika katika mafungu matatu, na mganga hakushughulika na mafungu, alishughulika na idadi ya viti tu, isije ikagawanyika kwa mbili.

Tarehe 1 Juni 1961 watu walirudi vituoni. Hizbu na ZPPP walikuwa wamekwisha kufunga mkataba wa kuachiana majimbo, pale palipo na nguvu mmoja mwenziwe asisimamishe mtu. Siku ile ile vurugu zikazuka mjini Unguja, zikaenea mashamba kwa siku kadha. Walikufa watu 68, wengi wao Waarabu, na waliojeruhiwa walikaribia 400. Wakaletwa askari kutoka bara, na baadaye ikaletwa tume chini ya Sir Stafford Foster-Sutton kuchunguza sababu. Sina maneno ya kutosha juu ya msiba huo, nao si wa kutumiwa kama pambo la hoja. Nitakalosema ni hili: matokeo yaliyotangazwa katika siku zile za damu yalikuwa Afro-Shirazi viti 10, Hizbu viti 10, ZPPP vitatu, ambapo Afro-Shirazi ilikuwa imepata kura 45,172, yaani karibu nusu kamili ya kura zote, Hizbu 31,681, na ZPPP 12,411. Chama kilichopata kura elfu kumi na tatu na zaidi kuliko mwenziwe kikakaa naye sawa barazani. Na chama cha tatu, kwa viti vyake vitatu, kikachagua upande, na Muhammad Shamte akawa Waziri Kiongozi.

Hapa ndipo walio wengi hushika chama kidogo shingoni. Husema: tazama, wajumbe watatu waliamua hatima ya nchi. Lakini hebu tupime kwa pishi. ZPPP ilipata kura 14 katika kila 100, na viti vitatu katika 23 ni 13 katika kila 100. Hakikuzidishiwa hata punje. Kilichukua haki yake na kikabakisha. Aliyezidishiwa alikuwa Hizbu, na aliyepunguzwa alikuwa Afro-Shirazi. Kama viti vile 23 vingaligawanywa kwa uwiano wa kura, Afro-Shirazi ingalipata 12, Hizbu vinane, na ZPPP vile vile vitatu. Chama kidogo kingalibaki na sauti yake barazani, lakini ufunguo wa nyumba usingalikuwa mkononi mwake. Najua kwamba watu hawapigi kura kwa namna moja chini ya kanuni mbili, na ule mkataba wa kuachiana majimbo usingalikuwa na maana mahali ambapo kila kura inahesabiwa. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba hivi ndivyo ingalikuwa kwa yakini. Ninasema kwamba hivi ndivyo kura zilizokuwamo sandukuni zilivyosema, na kanuni ilitangaza jengine.

Mwezi wa Julai 1963 ulifanywa uchaguzi wa mwisho, ule wa kuamua nani atapokea uhuru. Majimbo yalifanywa 31. Afro-Shirazi ilipata kura 87,085, Hizbu 47,950 na ZPPP 25,609. Ukizigeuza kuwa mia, ni 54 kwa Afro-Shirazi, 30 kwa Hizbu na 16 kwa chama kidogo. Viti vilivyotolewa ni 13 kwa wenye 54, 12 kwa wenye 30, na sita kwa wenye 16. Hizbu na ZPPP wakaungana, wakawa 18, wakaunda serikali. Na wale waliochaguliwa na zaidi ya nusu ya wapigaji kura wote wa nchi wakakaa upande wa upinzani.

Wako waliosema, na wako wasemao hata sasa, kwamba mipaka ya majimbo ilikatwa kwa hila. Mimi sina haja ya kumtafuta mwizi pahala ambapo kipimo chenyewe kinatosha kuleta khasara. Kura za Afro-Shirazi zilirundikana Ng'ambo na katika mashamba ya Unguja walikokaa watu wake, ikashinda huko kwa wingi mkubwa ambao nusu yake haikuwa na kazi, maana kiti ni kile kile ukishinda kwa elfu tatu au ukishinda kwa kura moja. Kisha huko Pemba, ambako zaidi ya kura nne katika kila kumi zilikuwa zake, ilishindwa katika jimbo baada ya jimbo, na nyingi katika kura hizo zikamwagwa. Hizbu na mshirika wake walitawanyika vizuri, wakajaza magunia yao kiasi cha kutosha tu, wala hawakufurisha hata moja. Hapana sharia iliyovunjwa. Karani aliyehesabu alihesabu kwa uaminifu, na msimamizi aliyetangaza alitangaza kweli, na kwa pamoja wakatoa jawabu ambalo raia zaidi ya nusu walijua mioyoni mwao kwamba silo walilolisema. Kwa pishi, viti vile 31 vingalikuwa 17 kwa Afro-Shirazi, tisa kwa Hizbu na vitano kwa ZPPP. Chama kidogo kingalipoteza kiti kimoja tu.

Huenda mtu akasema kwamba mambo hayo ya uwiano ni ya leo, na kwamba Mwingereza wa zama zile hakujua njia nyengine ya kuchagua ila hii aliyoizoea kwao. Jawabu ni kwamba aliijua vyema. Kisiwa cha Malta, kilichokuwa chini yake, kilichagua wajumbe tangu mwaka wa 1921 kwa kura ya kupanga wagombea kwa daraja, wa kwanza, wa pili, wa tatu, katika majimbo yenye wajumbe kadha. Na Ireland nayo ilipewa njia hiyo hiyo wakati huo huo. Lakini liko jambo lililo karibu zaidi. Mwezi wa Septemba 1963 wajumbe wa Zanzibar walikwenda London kwa mkutano wa uhuru, na Waziri wa Makoloni alikuwa Duncan Sandys. Mwezi uliofuata, Oktoba, waziri yule yule alitoa amri kwamba Guiana ya Waingereza, kule Amerika ya Kusini, iache uchaguzi wa majimbo na ichague kwa uwiano wa kura katika nchi nzima. Sababu iliyotolewa ni kwamba nchi ile imegawanyika kwa makabila, na kwamba mwaka wa 1961 chama cha Cheddi Jagan kilichukua viti 20 katika 35 kwa kura zisizofika 43 katika mia. Uchaguzi wa kwanza kwa kanuni hiyo mpya ulifanywa mwezi wa Disemba 1964, na Jagan, kwa kura karibu 46 katika mia, akatoka madarakani, wapinzani wake wawili wakaungana.

Kura karibu 46 katika mia! Ndizo hizo hizo walizopata Hizbu na ZPPP kwa pamoja. Huko ng'ambo ya bahari zilionekana ni chache mno kutawalia. Visiwani zilitosha kupokelea bendera. Sisemi kwamba Sandys aliipenda insafu Guiana akaichukia Zanzibar. Inajulikana kwamba Jagan alikuwa mfuasi wa ujamaa, na Wamarekani walikuwa wakiishughulisha London usiku na mchana ili aondolewe. Kanuni nzuri ilitumiwa kwa nia mbovu, na aliyefaidika nayo, Forbes Burnham, aliiharibu katika chaguzi zilizofuata kwa kuongeza majina na kura zisizokuwa na watu. Jambo linalotufunza kwamba pishi nalo hughushiwa lisiposhikwa na mkono mwaminifu. Lakini hoja ya kwamba hapakuwa na njia nyengine imekwisha kuanguka. Njia ilikuwako, wizara ile ile iliijua, na mwaka ni ule ule.

Uhuru ulitolewa tarehe 10 Disemba 1963, kwa bendera nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili ndani yake. Tarehe 12 Januari 1964 serikali ile ilipinduliwa. Asidhani mtu kwamba nasema Mapinduzi yalitokana na hesabu ya viti. Yalitokana na ardhi, na kumbukumbu ya utumwa, na ubaguzi wa mirathi ndefu, na mambo mengi ambayo kanuni ya uchaguzi haiyaponyi. Lakini watu wenye kinyongo cha kale walikuwa wamepewa njia ya amani, wakaifuata mara tatu mfululizo, kila mara wakiwa wengi zaidi, na kila mara wakakosa serikali. Mtu wa namna hiyo ukimwambia asubiri uchaguzi ujao, atakuuliza uchaguzi gani.

Hoja kubwa ya wapinzani wa uwiano ni kwamba huwapa vyama vidogo nguvu ya kuyumbisha dola. Ningependa wayatazame mambo ya 1961 kwa utulivu. Ni kanuni ya mwenye nyingi kuchukua yote ndiyo iliyowasawazisha wakubwa wawili kwa nguvu, ikamwachia mdogo ulimi wa mizani. Hoja ya pili ina uzito zaidi, nayo ni kwamba raia hupenda kuwa na mjumbe wake anayejua kisima chake na njia yake, siye jina lililotoka katika orodha ya makao makuu ya chama. Hili ni kweli, na ndiyo maana njia ya Malta inanipendeza kuliko ya Guiana: jimbo kubwa lenye wajumbe watano, raia awapange watu anaowajua kwa majina yao, na chama chenye wafuasi humo kipate fungu lake. Nchi yetu yenyewe imekwisha kuukubali uwiano kwa mlango wa pembeni, kwa kuwa viti maalum vya wanawake katika Bunge la Muungano hugawiwa vyama kwa kadiri ya kura zao. Bali viti vya majimbo vimebaki vilevile kama alivyoviacha Coutts.

Uchaguzi wa vyama vingi uliporudi, mwaka wa 1995, kura za urais wa Zanzibar zilikuwa 50 nukta 2 za chama cha CCM kwa 49 nukta 8 za chama cha CUF, na machungu yaliyofuata, pamoja na wale waliouawa Pemba mwezi wa Januari 2001, yanajulikana. Tarehe 31 Julai 2010 watu waliulizwa katika kura ya maoni kama wanaridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na 66 katika mia wakasema ndiyo. Lilikuwa jambo kubwa la kheri, nami sitalipunguza. Ila karatasi ile iliwauliza watu juu ya viti vya mawaziri, wala haikuwauliza juu ya kura zao zihesabiwe vipi. Miezi mitatu baadaye nchi ikachagua tena katika majimbo yake 50: CCM ikapata 28 na CUF 22, na katika hivyo 22 vilikuwamo vyote 18 vya Pemba, bila ya kukosekana hata kimoja. Walikuwako Wapemba wa Chake, wa Wete na wa Mkoani waliopanga safu juani asubuhi ile kuipigia CCM, kama vile walivyokuwako mwaka wa 1963 Wapemba walioipigia Afro-Shirazi, na katika baraza lililokutana baadaye hapakuwa na mjumbe hata mmoja wa jimbo aliyeingia kwa kura zao.